Kinachofanana na Majivu

Saa moja na robo asubuhi, siku ya Jumatano, nilimkuta ng'ombe amesimama huku paji lake la uso limegandamizwa kwenye nguzo ya zizi. Hakuwa amefungwa. Nzi hawakuwepo, maana ilikuwa miezi ya baridi na ukungu ulikuwa bado haujaondoka kwenye mikaratusi. Alikuwa akiisukuma ile nguzo bila haraka, kama mtu anayesukuma mlango anaojua utafunguka, na meno yake yalisagana kwa sauti niliyoisikia nikiwa bado nje ya zizi. Nilimpigia mluzi, hakusogeza sikio. Nikapitisha kiganja mbele ya jicho lake la kushoto, kisha la kulia. Hakupepesa.

Nilirudi ndani nikamwambia dada yangu asimkamue.

"Nimeshamkamua," akasema. "Ametoa kidogo tu. Yako jikoni yanachemka."

"Umempa mtoto?"

"Bado."

"Usimpe. Yamwage."

Dada aliweka mwiko chini. "Haya, nimwage. Halafu nimpe nini?"

Nilitoka kwenda kumtafuta Bwana Mifugo, afisa wa mifugo wa kata.

Mtoto alikuwa na miezi minne. Mama yake, mke wangu, alifariki hospitalini wiki ya pili baada ya kujifungua. Sitaandika zaidi kuhusu hilo. Linaandikika, ila silikumbuki vizuri. Miezi ile imebaki kichwani mwangu kama chumba kilichotolewa samani zote. Ninachokumbuka ni kazi: mpini wa chepe, harufu ya punda, mafungu ya taka yakiwa yamepangwa kwa mstari. Dada yangu mkubwa alikuja kutoka Singida juu ya lori la vitunguu ili alee mtoto. Alipofika alinitazama, akatazama nyumba, akaanza kufagia.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati maduka ya Karatu yalikuwa na rafu nyingi kuliko bidhaa. Sabuni, chumvi na mafuta ya taa vilipatikana kwa kibali au kwa kujuana. Maziwa ya unga ya kopo niliyaona mara nyingi mwaka ule, lakini niliona makopo matupu tu, yaliyokuja na taka za hoteli za watalii zilizoko juu, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Niliyanusa. Baadhi yalikuwa bado na harufu.

Ng'ombe hakuwa wangu. Alikuwa wa jirani, mzee wa Kiiraqw aliyelima ngano na mahindi ng'ambo ya korongo. Kwenye msiba alikuja, akakaa, akaondoka bila kusema mengi. Wiki chache baadaye alirudi akimvuta ng'ombe kwa kamba.

"Huyu atakaa kwako," akasema. "Maziwa ni ya mtoto, samadi ni yako. Akizaa, ndama ni wangu."

Mimi ni mtu wa kuuliza mambo hadi mwisho. Nikamuuliza, "Na akifa, Mzee?"

"Akifa unaniletea ngozi na nyama. Ng'ombe hafi hewani."

Hakuwa akinitania. Kwa majirani zangu wale, ng'ombe wa mtu mmoja hawakai katika zizi moja. Mwenye ng'ombe kumi huenda wanne wako kwa watu wengine, na hakuna karatasi inayoandikwa. Anayetunza hunywa maziwa. Ng'ombe akifa, mtunzaji hupeleka ngozi na nyama kwa mwenyewe, ili aone kwa macho yake kwamba mnyama amekufa kweli, hakuuzwa mnadani. Ni ushahidi, na pia ni adabu. Mtu asiyepeleka hapewi ng'ombe tena, na habari zake huvuka makorongo kabla yake.

Basi nilipotoka asubuhi ile nilijua mambo mawili. Kwanza, mtoto hakuwa na maziwa ya siku hiyo. Pili, ng'ombe yule akianguka, ilinipasa kumvukisha korongo akiwa nyama, na kila kilo iwe imetimia.

Inabidi nieleze kazi yangu, maana ndiyo iliyomfikisha ng'ombe hapo.

Nilifika Karatu nikiwa kijana kuchuma kahawa kwenye mashamba makubwa. Shule yangu iliishia darasa la nne. Mengine niliyapata kwenye darasa la jioni la watu wazima na kwenye kamusi. Katikati ya miaka ya sabini ofisi ya kata ilinipa mkokoteni, punda wawili na jukumu la taka za mji mdogo: soko, maduka ya barabarani, vilabu vya pombe, gereji. Watu waliniita Bwana Taka, kwa kunifananisha na Bwana Afya. Tofauti yetu ilikuwa kwamba yeye alikuwa na pikipiki.

Wakati ule elimu ya taka ilikuwa moja: kila kaya ichimbe shimo. Redio ilisema hivyo, na mabalozi wa nyumba kumi walipita wakihesabu mashimo. Mashimo yalichimbwa, yakajaa, na hakuna aliyekuwa ameandaa sentensi inayofuata. Baadaye tukaambiwa tuchome. Tukachoma kwenye jalala la korongoni kwa miaka kadhaa, na upepo wa Agosti ukaturudishia nusu ya tulichochoma.

Mwaka mmoja kabla ya habari hii alikuja mwanafunzi wa chuo kikuu, kijana mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Alikuwa anafanya utafiti juu ya taka za miji midogo. Aliniambia kwamba waliomtangulia walikuwa wakiuliza taka zipelekwe wapi. Yeye alitaka kujua zina nini ndani.

"Ndugu," aliniambia, "huwezi kutibu tumbo kabla hujajua mtu amekula nini."

"Kwa hiyo tutatazama matapishi."

Alicheka hadi akashika miwani. "Ndiyo, Ndugu. Tena tutayapima kwa mizani."

Tuliazima mizani ya kahawa kutoka shamba moja, tukatandaza turubai, na kwa muda wa kiangazi chote tukachambua taka za Karatu kwa mikono. Ilikuwa kazi niliyoipenda kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilijifunza kwamba mji una tabia, na tabia hiyo inaonekana zaidi katika vile usivyotupa. Chupa hazikuwepo kabisa, kwa sababu bila chupa yako hukuuziwa mafuta ya kula. Mifuko ya karatasi ya saruji ilikuwa imeshageuka jalada la madaftari. Hata kile kikopo cheusi cha filamu, ambacho mtalii hukitupa bila kukitazama, hakikufika jalalani. Wafugaji waliotelemka kutoka Ngorongoro kununua mahindi walinisubiri kando ya barabara wakiniuliza kama nimepata. Wazee walitia ugoro ndani yake, na vijana walikipachika kwenye tundu lililotobolewa sikioni.

Kilichobaki kilikuwa majivu, kwa sababu kila jiko lilitumia kuni, kisha maganda na mabua. Mtafiti alifurahi. Alisema tusichanganye tena. Maganda yaoze peke yake yawe mboji, na majivu yakae peke yake ili wakulima wayachukue kwa mashamba yao. Tulipanga mafungu pale jalalani, na mbele ya mafungu tukasimamisha ubao. Watu walituchosha kwa maswali: masizi yaende wapi, vumbi la chokaa liende wapi, udongo wa jiko lililobomolewa uende wapi. Mwishowe, tukiwa tumekaa juu ya mkokoteni tunakula mahindi ya kuchoma, tulitunga maneno ya fungu la kwanza: MAJIVU NA VINAVYOFANANA NA MAJIVU. Aliyaandika kwa rangi nyeupe. Yalionekana maneno mazuri. Maswali yalikwisha.

Mtafiti akaenda zake kuandika. Aliniachia kitabu kimoja cha Kiingereza juu ya uondoaji wa taka, nikakisoma kwa kamusi, ukurasa mmoja au miwili kwa jioni.

Fungu la majivu lilifanikiwa kuliko tulivyotarajia. Wakulima walikuja na magunia. Na ng'ombe walikuja pia. Ng'ombe wa nyanda zile hutamani chumvi. Wafugaji wa juu wana sehemu zao za udongo wa magadi, lakini Karatu udongo huo uliletwa na punda kutoka mbali na bei yake ilikuwa imepanda. Majivu yana chumvi, na majivu yetu yalikuwa ya bure. Jioni, ng'ombe wakitoka kunywa maji, watu waliwapitisha jalalani na kuwaacha walambe. Dada yangu alimpitisha ng'ombe wetu kila siku. Nilipenda kuwaona wamepanga mstari, vichwa chini. Niliona kwamba fungu limepata kazi.

Sasa, kwenye gereji moja karibu na soko kulikuwa na fundi wa betri. Betri mpya ya gari haikupatikana miaka ile hata kwa kujuana, na magari machache ya watalii na malori ya mazao yalimtegemea yeye. Alifungua betri iliyokufa, akatoa mabamba yake, akayeyusha madini yake ya risasi kwenye sufuria nzito juu ya mkaa, akayamimina upya kwenye kalibu ya udongo. Risasi ikiyeyuka, juu yake huja ngozi ya kijivu. Fundi aliiengua kwa kijiko, akaiweka pembeni, ikapoa ikawa unga.

Fundi yule alikuwa mtu mtiifu. Alisoma ubao. Kila Jumamosi alileta debe lake mwenyewe bila kusubiri mkokoteni, akaupanda mteremko, akalimwaga juu ya fungu la kwanza, akalisawazisha kwa mguu. Nilimtoa kama mfano kwa wenye maduka. Niliwaambia, mbona fundi anaweza?

Bwana Mifugo alikuja kwa miguu, kwa sababu gari la idara halikuwa na mafuta. Alimtazama ng'ombe kwa muda, akamfungua mdomo, akamwinua kope. Ng'ombe alijikongoja hatua kadhaa kwa kuzunguka upande mmoja, akarudi kwenye nguzo yake.

"Haoni," akasema Bwana Mifugo.

"Nimeona kwamba haoni."

"Analamba nini huyu?"

"Majivu. Kama wengine."

"Nipeleke."

Kwenye fungu alichuchumaa, akachukua konzi moja mkono wa kulia na konzi nyingine, ya unga mweusi kidogo, mkono wa kushoto. Akazipima kama mama anayechagua viazi. Kisha akanipa mimi. Mkono wa kushoto ulishuka.

"Majivu hayana uzito huu," akasema. "Nani anamwaga hapa?"

Nikamwambia. Akafumba macho kidogo, akajifuta mikono kwenye nyasi, akanionyesha na mimi nijifute.

"Ni risasi. Inapanda kichwani. Ng'ombe wanaupenda unga huu, wanausikia mtamu. Wengine wana bahati hawajafikia upande huu wa fungu. Iko sindano, nimeisoma chuoni, lakini kuiona sijaiona."

"Na maziwa?"

"Ya leo umemwaga?"

"Ndiyo."

"Ya jana?"

Niliinama, nikajifuta mikono tena kwenye nyasi. Hakuendelea kuuliza. Alisema mtoto apewe uji mwepesi na tutazame. Hilo ndilo lililokuwepo.

Siku hiyo niliziba fungu kwa miiba na kumkataza kila mwenye mifugo. Nilifanya hivyo kwa utaratibu, upande kwa upande. Nakumbuka kwamba nilitegemea kuhisi hofu na kwamba sikuihisi. Nilikuwa naisikia kwa mbali, kama redio ya nyumba ya pili.

Ng'ombe alianguka Alhamisi mchana. Bwana Mifugo alisimamia wakati namchuna, akanionyesha ini, akasema hili hasa lisiguswe. Nyama yote izikwe, iende chini sana. Mimi nikamwambia habari ya mzee, na desturi.

"Mweleze," akasema. "Ni mtu mwenye akili."

"Yuko Mbulu kwenye harusi. Anarudi Jumamosi."

"Nyama haitangoja Jumamosi. Na mimi kesho asubuhi napanda lori la chanjo kwenda Arash, huko Loliondo. Nikirudi, kama ataniuliza, nitamwambia nilichokiona."

Lori hilo lilikaa Loliondo zaidi ya mwezi.

Usiku wa kuamkia Ijumaa sikulala, lakini sikufikiri pia. Nyama ilikuwa chini ya turubai, lile lile la utafiti. Asubuhi dada alinikuta nafunga punda.

"Unaipeleka ng'ambo?"

"Naipeleka jalalani."

"Mdogo wangu, sikiliza. Nyama ni ya mzee. Mpelekee nyumbani kwake, uwaambie watu wake ina sumu. Waile, wasiile, shauri lao. Wewe utakuwa umefikisha."

"Ana wajukuu kumi na zaidi pale. Nyama hawajaionja tangu Pasaka. Nikiiacha mlangoni na mwenyewe hayupo, dada, itaiva kabla sijafika nyumbani."

"Akisema umeuza?"

"Ngozi ninayo."

"Ngozi!" Alicheka kwa pua. "Wewe na taka zako. Kila kitu unataka kukifukia. Hata mke hukumlilia, ulikwenda kuchimba shimo la soko."

Ilikuwa kweli. Nilikwenda kuchimba shimo la soko. Nilimwambia anipishe mlangoni, akanipisha.

Nilichimba hadi kimo cha kifua. Nilitupa nyama, matumbo, kichwa na kwato. Juu yake nilimwaga oili chafu niliyopewa na gereji, kisha nikafukia kwa udongo, nikapanga mawe. Kwa vipimo vya kitabu changu lilikuwa shimo sahihi. Kitabu kilieleza vizuri jinsi ya kuzuia mbwa, fisi na panya.

Jumamosi saa nne mzee alivuka korongo, bado amevaa koti la harusi. Mtu alikuwa ameshampa habari. Nilikuwa nimeitandaza ngozi kwenye jua, imetobolewa pembeni kwa vijiti. Aliizunguka mara moja. Akainama kutazama sikio lenye alama yake.

"Ni yeye," akasema. "Pole."

"Ahsante, Mzee. Poleni na nyinyi."

"Nyama?"

Nikamweleza. Nilianza mwanzo: fungu, ubao, fundi, unga, Bwana Mifugo. Alisikiliza amesimama. Nilipomaliza alisema, "Twende nikaone."

Dada alitufuata akiwa na mtoto mgongoni. Fundi wa betri alikuwa amefika jalalani kabla yetu. Naye alikuwa amepata habari, na alikuwa amesimama mbali na fungu lake kama mtu aliyekuta mbwa asiyemfahamu.

Mawe yalikuwa yamepangwa pembeni, vizuri, kwa mtindo ule ule niliouweka mimi. Shimo lilikuwa wazi. Chini kulikuwa na kichwa, kwato, na matumbo yaliyong'aa oili. Mapaja, mbavu, mgongo na ini havikuwepo.

Nilitazama ndani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Fisi," akasema fundi.

"Fisi hapangi mawe," akasema mzee. Kisha akaniuliza, "Ulizika lini?"

"Jana asubuhi."

"Na nani alikuona?"

"Punda."

Dada akasema, "Mzee, mimi nilimwona akipakia. Nilimkataza. Kichwa chake kigumu, lakini mwizi si yeye."

"Wewe ni dada yake. Utasema nini kingine?" Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayesoma.

Fundi alijikohoza. "Mzee, mimi ndiye niliyemwaga huu unga. Lakini nilifuata ubao."

"Ubao ni wa nani?"

"Wa serikali."

"Basi nikaidai serikali ng'ombe."

Fundi akacheka, dada akacheka, na hata mzee mwenyewe akatikisika mabega mara moja. Mimi nilikuwa nafikiri kuhusu ini. Nilimwomba mzee anisubiri, nikaenda sokoni. Nilisimama kwenye jiwe la wauza viazi nikatangaza kwamba nyama iliyochukuliwa jalalani ina sumu, aliyenayo aizike, sitamuuliza jina. Vibarua waliokuwa wamekaa ukutani wakingoja msimu wa kahawa walisikiliza kwa adabu.

"Bwana Taka siku hizi ana bucha?" mmoja akauliza.

"Anauza au anatangaza tu?" akasema mwingine. "Robo kilo bei gani?"

Niliwaambia tena, kwa maneno yale yale. Nilizunguka vilabu vyote vya pombe nikarudia. Hakuna aliyerudisha kitu. Na sikuwahi kusikia kwamba mtu aliugua, lakini kusema kweli sikujua ugonjwa wenyewe ungeonekanaje kwa mtu, na Karatu ya mwaka ule watu waliugua mambo mengi. Bwana Mifugo aliporudi aliniambia kwamba katika minofu sumu huwa kidogo. Niliandika hilo. Halikunifariji, wala halikunisumbua.

Nilipomrudia mzee alikuwa amekaa juu ya mkokoteni wangu, mahali alipokuwa akikaa mtafiti. Dada alikuwa amemsogezea mtoto, naye alikuwa akimtazama bila kumgusa.

"Nimefikiri," akasema. "Ngozi nimeiona. Sikio langu nimeliona. Nyama sijaiona."

"Kichwa kipo, Mzee."

"Kichwa hata bucha huacha. Sisemi umeuza. Wala sisemi hukuuza, sijui. Kwa ngozi, ng'ombe wangu amekufa. Kwa nyama, ng'ombe wangu ameuzwa. Kwa hiyo kwangu mimi amekufa nusu."

Nilitafakari. Lilikuwa jambo la ajabu kulisikia, lakini nilipolipima sikupata kosa ndani yake.

"Nusu iliyokufa ni yangu," akaendelea. "Ng'ombe hufa. Nusu ambayo haijafa utanilipa kwa bei ya mnada. Ukishalipa, hakuna mtu atakayesema neno ng'ambo ya korongo. Nitawaambia mimi mwenyewe."

"Nitalipa," nikasema.

Dada akauliza kile ambacho mimi sikukiuliza. "Na huyu?" Aligeuka ili mtoto aonekane.

Mzee alishuka kwenye mkokoteni, akapangusa koti. "Huyo hakuua ng'ombe," akasema.

Kuanzia Jumapili mke wa mzee alileta maziwa kila asubuhi, kwenye kibuyu, akiyafunika kwa majani. Hakuingia ndani. Alimpa dada mlangoni, wakazungumza kidogo, mmoja kwa Kiiraqw na mwingine kwa Kinyaturu, na walionekana kuelewana. Aliendelea hadi mtoto alipoanza kula ugali. Kwa miezi kadhaa nilimtazama mtoto yule kwa jicho la Bwana Mifugo: nilipitisha kiganja mbele ya macho yake, la kushoto, kisha la kulia. Alipepesa. Baadaye akaanza kukidaka kiganja, akadhani ni mchezo. Sasa ni mtu mzima na ana watoto wake, na hilo la kiganja hana habari nalo.

Ubao niliubadilisha Jumamosi ile ile. Nilikwangua maneno ya mwisho kwa kisu, nikaandika: MAJIVU YA JIKONI TU. Mimi na fundi tulichota upande ule wa fungu hadi udongo mwekundu, tukauzika unga wake kwenye shimo lililosakafiwa kwa mawe, na tangu hapo alileta debe lake kwangu mkononi, akiwa amelifunika, kama mtu aliyeleta mboga. Mtafiti alipopita mwaka uliofuata nilimweleza. Alivua miwani, akasema jambo hili halikuwemo katika vitabu alivyosoma. Nilimwambia sasa aliweke. Sijui kama aliliweka.

Nimesoma mengi tangu wakati huo, kadiri ninavyopata. Nimeona maswali yakibadilika: taka ziende wapi, kisha zina nini, kisha zinaweza kuwa nini, na siku hizi wanauliza nani alipie. Mifuko ya plastiki ilipofika Karatu niliitambua kama kitu ambacho hakikuwa na fungu kwenye turubai letu. Bado naamini katika kuchambua. Ila nikiona neno "vinavyofanana" katika maelekezo yoyote, nasimama, nanyanyua kitu chenyewe kwa mkono.

Wiki iliyofuata mzee alikwenda mnadani, akauliza bei ya ng'ombe wa umri ule kwa wafanyabiashara watatu mbele yangu. Tulikubaliana shilingi elfu tatu, na nusu yake ikawa elfu moja na mia tano. Nililipa kutoka kwenye mshahara, mia na hamsini kila mwezi. Mwezi wa mwisho alizipokea, akazikunja, kisha akaingiza mkono kwenye mfuko mwingine akatoa noti na sarafu.

"Ile ngozi niliiuza sitini," akasema. "Nusu ya ng'ombe ulikuwa umeinunua. Chukua thelathini yako."

Nilizichukua. Kwa hiyo hasara yangu yote ilikuwa shilingi elfu moja mia nne na sabini.